Usiulize Kama Ni Mzuri, Uliza Moyo Ulidunda Wapi

Hebu jaribu jambo hili jioni moja. Weka filamu ya kutisha, ile ya mtu anayetembea peke yake katika nyumba yenye giza, kisha uzime sauti. Utamwona mtu anatembea, basi. Mlango utafunguka, mkono utatokeza, nawe utaendelea kutafuna njugu zako kana kwamba unatazama taarifa ya bei za mboga. Sasa rudisha sauti uone kama njugu hizo zitateremka. Hofu haikuwamo katika picha. Ilikuwa katika fidla.

Riziki yangu naitafuta kwingine kabisa, maana nauza vipuri vya pampu za maji mjini Thika. Lakini kwa miaka kadhaa sasa, nikisharudi nyumbani Ruiru na watoto wakalala, hukaa kutunga muziki wa aina hiyo. Okestra sina. Nina kompyuta, kinanda kidogo, na programu ya kuandikia noti ambayo haitozwi hata senti moja. Programu hiyo huniigizia chelo, fidla, tarumbeta na ngoma kubwa, japo fidla zake wakati mwingine hulia kama mbu. Mke wangu husema kuwa mpita njia akisikia sauti zinazotoka dirishani kwetu atadhani hapa ni kwa mganga.

Siri ya muziki huu si kubwa kama watu wanavyodhani. Wewe uliyeimba kwaya unaijua sol-fa. Unajua kwamba ti hupenda kwenda do kama ng'ombe apendavyo kurudi zizini jioni. Basi mzuie ng'ombe huyo langoni. Mwache asimame hapo, asiingie wala asirudi nyuma, na msikilizaji ataanza kusogeasogea kitini bila kujua kinachomsumbua. Au zichukue mi na fa, noti mbili zilizo jirani kabisa, uzipige kwa sauti nzito, polepole, kisha uharakishe kidogo kidogo. John Williams alifanya hivyo katika filamu ya Jaws ya mwaka 1975, ile ya papa anayekula watu. Steven Spielberg, aliyeielekeza filamu hiyo, alipopigiwa noti hizo kwenye piano mara ya kwanza alicheka, akidhani anafanyiwa mzaha. Baadaye ulimwengu mzima uliogopa kuogelea.

Lakini tazama hapo, msomaji wangu: Williams alipata mtu wa kumcheka usoni. Huku kwetu mtunzi atampata wapi? Mtu akikaribishwa chai isiyo na sukari, ataimaliza na kushukuru. Ndivyo ilivyo pia ukimpa muziki wako ausikilize. Atakwambia, "Ni mzuri sana, Mungu akuzidishie kipaji." Heshima ni jambo jema, ila maneno hayo hayamsaidii mtunzi kitu. Hivyo niliacha kuuliza kama muziki ni mzuri. Siku hizi nauliza mambo mawili tu: moyo ulidunda wapi, na ulichoka wapi. Swali la namna hiyo halijibiwi kwa adabu. Mtu hulazimika kufikiri.

Mwaka jana kikundi cha vijana wa hapa Ruiru kilinijia na filamu yao ya dakika 11. Ni kisa cha mtoto wa shule anayetumwa mafuta ya taa ng'ambo ya barabara kuu. Ukiwa mkazi wa Githurai, Ruiru au Juja huhitaji kuelezwa zaidi. Barabara ya kutoka Nairobi hadi Thika ilipanuliwa kati ya 2009 na 2012, na sehemu nyingine kasi ya magari ilitangulia, madaraja ya waendao kwa miguu yakafuata. Watu waliozoea kuvuka njia nne walijikuta mbele ya nane. Kila mtaa una jina lake la kukumbuka.

Kwa kweli niliipokea kazi hiyo kwa hamu. Sehemu zetu hizi zimepigwa picha sana, lakini muziki umetoka ng'ambo. The Flame Trees of Thika, mfululizo wa televisheni ya Uingereza wa mwaka 1981 uliotokana na kitabu cha Elspeth Huxley, ulitiwa muziki na Waingereza. Out of Africa ya 1985 ilitungiwa na John Barry, naye akatuzwa Oscar. Siwalaumu, na huo wa Barry ni mtamu hasa. Nasema tu kwamba hakuna aliyekuja Makongeni kutuuliza mioyo yetu ilidunda wapi.

Nikatunga. Chelo ikashika noti moja nzito na kutoiachia. Filimbi nyembamba ikafuatana na mtoto. Fidla zikaanza kutetemeka, ngoma ikapiga kama moyo, na lori lilipotokea nikaachilia tarumbeta zote. Mwelekezi wa filamu, kijana wa miaka 24, aliruka kwa furaha. Alisema hivyo ndivyo zisikikavyo filamu za Marekani.

Jumapili iliyofuata niliupeleka muziki huo Thika kwa mzee mmoja apigaye kinanda kanisani. Tunamwita Mwalimu. Alisoma katika shule ya wasioona ya pale Thika, iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, na sijapata kukutana na sikio kama lake. Sikumwambia kisa. Nilimvalisha hedifoni nikanyamaza.

"Kuna mtoto," akasema punde si punde.

"Umejuaje, Mwalimu?"

"Filimbi hiyo haina baba wala mama." Akaendelea kusikiliza hadi mwisho, akataka arudishiwe. "Mtoto huyu anakwenda mahali asipopaswa. Lakini wewe, kijana wangu, umenipa habari mapema. Ngoma inapiga kabla miguu haijafika. Nikishajua litakalotokea siogopi tena, nangoja tu."

Nikairudisha ngoma nyuma sekunde tisa. Ukitaka kujua kama muziki wa filamu unasema kitu, mpe asiyeona picha. Sijui kipimo kinachokishinda hicho.

Maoni yaliyonikosesha usingizi yalitoka karibu zaidi. Sare ya mtoto wa filamu ilishonwa na mama mmoja jirani yangu, mshonaji, ambaye mdogo wake alifia kwenye barabara hiyo mwaka 2011. Mwelekezi alitaka aione filamu kabla ya wengine, kwa kuwa asiyeonyeshwa mapema huja kushtukia mbele ya watu. Nami niliona ni haki. Akaja jioni na tepu yake ya kupimia ikining'inia shingoni, akatazama mpaka mwisho bila kupepesa. Kisha akaniuliza:

"Jirani, hizo tarumbeta ni za nani?"

Sikuwa na jibu la haraka.

"Siku ile nilikuwa ng'ambo na karai la nyanya," akasema. "Sikusikia kitu. Hata magari sikuyasikia. Mpaka baadaye ndipo nikasikia karai langu likibiringika kwenye lami. Hizo tarumbeta ni za watu wa sinema."

Akanitakia usiku mwema, akaenda zake kumalizia nguo za watu.

Nilipompigia mwelekezi kumwambia tunyamazishe muziki pale lori linapofika, alikataa katakata. Alisema watazamaji watadhani mitambo imeharibika. Tena kijana huyo amesoma, akanichomolea Psycho ya mwaka 1960. Alfred Hitchcock alitaka mauaji ya bafuni yasiwe na muziki. Bernard Herrmann akatunga hata hivyo, kwa ala za nyuzi peke yake, na Hitchcock alipousikia akalifuta neno lake. Leo ukimtajia mtu filamu hiyo, kinachomjia kwanza ni zile fidla zinazopiga mayowe. "Kwa hiyo, mzee, mtunzi ndiye aliyeshinda," akaniambia.

Ni hoja nzito na nilikaa nayo siku mbili. Jibu langu lilikuwa hili: katika ukumbi wa Hitchcock hapakuwa na mtu aliyemzika yule mwanamke wa bafuni. Katika ukumbi wetu wangekuwapo. Mtazamaji aliyelipa ili aogopeshwe ana haki ya kuogopeshwa ipasavyo. Yule aliyekwisha ogopa, tena mchana kweupe, sioni kwa nini nimfundishe hofu kwa tarumbeta. Nikamkumbusha pia The Constant Gardener ya 2005, iliyopigwa hapa Kenya. Alberto Iglesias aliitungia muziki ulioteuliwa kuwania Oscar, lakini Wakenya wengi wanachokikumbuka ni Kothbiro ya marehemu Ayub Ogada, sauti ya mtu mmoja na nyatiti ya nyuzi nane. Uchache si umaskini.

Hatimaye tuliafikiana. Chelo na fidla zinapanda kama zilivyokuwa, ngoma inapiga mahali Mwalimu alipotaka, ti inasimama langoni, na pale ambapo masikio yote yanangoja do, hakuna kitu. Sekunde sita. Kisha mtungi wa mafuta ya taa unasikika ukibiringika kwenye lami, mwelekezi aliurekodi mwenyewe nyuma ya nyumba yao, na baada ya mtungi kutulia chelo inarudi na noti ile ile ya mwanzo. Niseme ukweli, sehemu hiyo ya kimya ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuliko noti zote. Kimya hakitungwi, hutayarishwa na kilichotangulia. Fidla zikipanda kidogo mno, kimya hakisikiki. Zikipanda mno, kinakuwa mbwembwe.

Filamu ilionyeshwa Jumamosi moja katika ukumbi wa kanisa hapa Ruiru. Watu walijaa hadi wengine wakasimama ukutani. Kimya kilipoingia, mtoto mmoja safu ya mbele alimwuliza mamake kwa sauti kama stima zimepotea, na mwelekezi akanigeukia kwa jicho la nilikwambia. Hakuna aliyecheka. Mtungi ulipobiringika nilisikia viti vikilia nyuma yangu, kisha mtu akapenga kamasi.

Mwalimu alikuwa ameletwa kutoka Thika na mjukuu wake. Nilimfuata mlangoni na maswali yangu mawili. Akasema moyo ulidunda vizuri, lakini sekunde sita zimezidi, nne zingetosha, kwa kuwa kwenye ile ya tano alianza kuwasikia watu wakipumua. Nikamtafuta mama mshonaji, nikamkuta nje anasaidia kupanga viti kwenye mkokoteni. Alifikiri kidogo.

"Zilikuwa chache," akasema, akanikabidhi kiti.

Nimeziacha sita. Tarumbeta nazo bado ninazo kwenye kompyuta, hazijatumika. Mwelekezi ameniambia anaandika kisa cha wezi wa kahawa wanaoingia shambani usiku, na kwamba safari hii nisije na kimya changu.