Hasira na Machweo

Hasira yenyewe si dhambi. Mtume Paulo, katika mlango wa 4 wa waraka wake kwa Waefeso, aliiwekea mpaka tu, nao ni machweo. Huko Buzuruga, mjini Mwanza, mama mchuuzi wa dagaa aliyepunjwa na mwenziwe huliona jua likishuka upande wa ziwa, akajua muda ni mfupi. Akinyamaza, uchungu hulala naye; akimtangaza sokoni, aibu huzaa kisasi. Mathayo, mlango wa 18, humwonyesha njia iliyo ngumu zaidi: amwendee mkosaji, wawe wawili tu. Ni ngumu kweli, maana wachochezi hawakosi, na ugomvi ni tamasha lisilo kiingilio. Hufunika beseni lake, huvuka njia, husema kwa sauti ya chini: “Dada, hesabu yetu ya asubuhi haikutimia.”