Kiti cha Fundi Makoroboi

Biashara ndogo ya Mwanza haikuwahi kuwa na fundi wake wa kuajiriwa. Mwenye duka la nguo Mlango Mmoja, mama wa mgahawa Kirumba, mvuvi wa dagaa wa Ukerewe na mwenye steshenari ya Malimbe wote walimtegemea mtu wa nje: fundi aliyekaa mahali panapojulikana, mwenye meza, pasi ya kulehemu na sanduku la vipuri vilivyong'olewa kwenye vifaa vilivyokufa. Kwa muda mrefu mahali hapo palikuwa Makoroboi, katikati ya jiji, jirani na hekalu la Wahindu. Mwaka 2021 wafanyabiashara wa vibandani waliondolewa hapo, sawa na wenzao wa miji mingine, na kijana anayefungua duka leo anapita eneo hilo bila kujua kwamba kitu anachohangaika kukitafuta, yaani msaada wa haraka kwa bei anayoimudu, kilikuwa kimepangwa pale mstari kwa mstari.

Eneo lilipata jina kutokana na kazi yake. Makopo ya mafuta, vipande vya mabati na madebe chakavu vilikatwa kwa mkasi wa bati, vikakunjwa na kulehemiwa, zikatoka taa za koroboi, pawa na vikaango. Pasi ya kulehemu ilikuwa kipande cha shaba kilichofungwa kwenye nondo na kupashwa moto juu ya jiko la mkaa. Aliyekulia mjini hasahau harufu yake: moshi wa mkaa, asidi iliyopakwa kwenye bati kabla risasi haijayeyuka, na mafuta ya taa yaliyosalia ndani ya kopo. Pua ilifika Makoroboi kabla ya miguu.

Mteja mkubwa wa kazi hiyo alitoka ziwani. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, na kwa miaka mingi taa yenyewe ilikuwa karabai: tangi la mafuta ya taa, pampu ya mkono ya kujaza upepo, mrija mwembamba unaogeuza mafuta kuwa mvuke, na kifuko cha kitambaa kinachotoa mwanga mweupe. Kila sehemu ilikuwa na ugonjwa wake. Ngozi ya pampu ilikauka ikashindwa kusukuma upepo, tundu la mrija likaziba kwa masizi, kifuko kikavunjika chombo kilipopigwa na wimbi. Fundi aliilainisha ngozi kwa mafuta, akazibua tundu kwa waya mwembamba, akaiwasha taa mchana kweupe mbele ya mwenyewe. Ratiba yake ilifuata mwezi. Siku za mbalamwezi wavuvi hupumzika, kwa kuwa mwanga wa taa haushindani na wa mwezi, na ndipo taa ziliposhushwa mwaloni na kuletwa mjini kwa wingi. Giza liliporudi, taa ilitakiwa iwe tayari, la sivyo wavuvi wote wa chombo chenye taa hiyo walilala nchi kavu. Malipo nayo yalikwenda na mwezi: wengi walilipa baada ya kuuza dagaa, na fundi hakuwa na wasiwasi, maana mwenye deni alikuwa na taa ambayo lazima ingeharibika tena.

Karabai zilianza kupungua kwa sababu mbili zilizokutana. Bajeti ya mwaka 2011 ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli, na gharama ya kuwasha taa usiku kucha ikawa kubwa kupita kiasi. Wakati huohuo taa za LED za betri na za sola zilikuwa zikishuka bei. Mabadiliko hayo yalikuwa ya heri kwa mvuvi. Kwa fundi wa karabai yalimaanisha kujifunza betri au kuacha kazi.

Ofisi na maduka ya mjini yalikuwa na mashine za aina nyingine: taipureta, mashine ya kudurufu, mashine ya kujumlisha yenye mkono wa kuvuta. Mafundi wake walikuwa wachache na wengi walijifunza kazi ndani ya maduka ya Wahindi. Kazi kubwa ilikuwa kusafisha: brashi, petroli kidogo, tone la mafuta ya cherehani. Katika miaka ya uhaba wa bidhaa utepe wa taipureta uliokauka haukutupwa; ulilowekwa wino wa mhuri ukarudi kazini.

Aliyekuwa karibu zaidi na biashara ndogo alikuwa fundi redio. Kinyozi, mwenye mgahawa na mwenye kilabu cha pombe walijua kwamba redio huleta watu na kuwakalisha, hasa saa ya taarifa ya habari na siku ya mpira. Redio ikizima, wateja huhamia kwa jirani. Kwa hiyo redio ilikuwa kitendea kazi, na aliyeitengeneza alikuwa sehemu ya biashara hiyo hata kama hakuwa na hisa.

Kibanda kimoja cha fundi huyo kinatosha kueleza vingine. Meza ya mbao ilikuwa imechanjwa kwa visu na kuungua kwa pasi. Nyuma yake rafu ilijaa redio zilizofunguliwa matumbo, kila moja imefungwa karatasi kwa uzi, na juu ya karatasi jina la mwenyewe, mtaa wake na ugonjwa kama alivyoueleza: "haishiki stesheni", "inakoroma", "imeangushwa na mtoto". Kopo la maziwa lilihifadhi skrubu. Spika moja bila boksi ilining'inia msumarini kwa ajili ya kupima. Fundi aliyejua kazi hakuanza na pasi. Kwanza alitazama betri, akakwangua kutu kwenye springi kwa msasa. Kisha akafuata waya wa spika, akatikisa kitufe cha sauti, akadondosha petroli kidogo ndani yake. Redio nyingi zilifufuka hapo, na mteja akalipa hela ya soda. Zile zilizobaki ndizo zilizoguswa na risasi. Utaratibu huo, wa kuanza na kisichogharimu kitu, ndio siri ya kwanza ya bei nafuu, na mafundi wengi wa leo wameuacha.

Siri ya pili ilikuwa redio zisizochukuliwa. Baada ya miezi kadhaa bila mwenyewe kutokea, redio iligeuka ghala: kondensa moja ikaenda kwa huyu, transista kwa yule. Betri zilipoadimika, fundi alikuwa mshauri pia. Alimwelekeza mteja azianike juani zipate nguvu ya siku mbili tatu, na asichanganye mpya na zilizochoka.

Siri ya tatu, na ndiyo kubwa, ilikuwa kiti chenyewe. Hakukuwa na risiti wala waranti ya maandishi. Mteja alijua kwamba redio ikizima kesho, fundi yupo palepale alipomwacha, kati ya muuza mitumba na fundi viatu, na majirani hao wanamfahamu. Kifaa kilifunguliwa mbele ya mwenyewe. Kilichong'olewa alionyeshwa, kilichowekwa alionyeshwa. Kijana aliyeshika tochi mwaka wa kwanza aliruhusiwa kufungua skrubu mwaka uliofuata, na pasi alikabidhiwa siku mkono wake ulipoacha kutetemeka. Chuo hicho hakikuwa na ubao wala ada, na mafundi kadhaa waliotoka humo ndio walioipokea kompyuta na simu baadaye.

Kompyuta ilichelewa. Serikali ilizuia kuiingiza nchini mwaka 1974, na zuio lilipolegezwa iliwafikia kwanza mabenki, mashirika na misheni. Maduka madogo ya Mwanza yalianza kuishika mwishoni mwa miaka ya 1990, karibu na wakati mji ulipopewa hadhi ya jiji mwaka 2000. Zilikuwa mashine za mitumba, nzito, zilizoletwa na vumbi la watu wengine ndani yake. Intaneti kafe za katikati ya mji zilikuwa na kijana anayejua nyaya na mitambo, na kijana huyo akawa tegemeo la mtaa mzima: steshenari, duka la dawa, ofisi ya usafirishaji. Huko Malimbe, kando ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino kilichoanzishwa mwaka 1998, wenye steshenari walijifunza wenyewe kujaza wino wa printa kwa bomba la sindano, kwa sababu mwanafunzi mwenye tasnifu ya kukabidhi saa nane hawezi kumsubiri fundi kutoka mjini.

Kwenye kompyuta ndiko uozo wa kazi ya ufundi ulikoanzia. Kompyuta haikutengenezwa mezani mbele ya mwenyewe, ilibebwa. Ilirudi ikiwa imepigwa windo upya, kumbukumbu za madeni ya wateja zimefutika, na mara nyingine RAM ni ndogo kuliko iliyoondoka. Ugonjwa wowote, kuanzia virusi vya flashi hadi feni iliyojaa vumbi, ulitibiwa kwa dawa moja. Mwenye duka asiyejua kilichomo ndani ya boksi hakuwa na la kuuliza. Inaudhi hasa kwa sababu kinga ilikuwa rahisi: kunakili madaftari ya biashara kila Jumamosi, na kununua stebilaiza kabla umeme haujarudi kwa kishindo baada ya mgao.

Simu ziliirudisha kazi mezani kwa muda. Fundi simu alikaa nje, akaonekana, akafungua mbele ya mteja. Simu nyingi za watu wa mwaloni zilikuja zimekunywa maji ya ziwa. Zilisafishwa bodi kwa mswaki na spiriti, zikapulizwa hewa ya moto, na nyingi zilipona. M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008 simu ikawa sanduku la fedha la duka, na hitilafu zikabadilika sura. Muamala uliokwama hautibiki kwa mswaki. Msaada wake uko kwenye namba ya huduma kwa wateja, ambako mfanyabiashara husikiliza muziki huku mteja wake amesimama mlangoni.

Mashine za risiti za kielektroniki (EFD) zilikuja mwaka 2010 kwa waliosajiliwa kwenye VAT, na awamu ya pili kuanzia 2013 ikawafikia wadogo. Hizo fundi wa mtaa haruhusiwi kuzifungua. Matengenezo ni ya mawakala walioidhinishwa. Baadaye ikaja programu ya risiti inayofanya kazi ndani ya simu au kompyuta, na mzigo ukapungua kidogo. Upande wa simu, mwaka 2016 simu bandia zilizimwa, na mafundi waliozoea kubadilisha namba za utambulisho wa simu wakajikuta matatani. Simu zilizofuata zimeunganishwa kwa gundi, hazina skrubu ya nje, na kioo kimoja kinaweza kukaribia bei ya simu yenyewe.

Baada ya 2021 mafundi wametawanyika. Wapo waliopata fremu Igoma, Buzuruga na Buhongwa, wapo wanaofuata mteja kwa bodaboda, na wapo walioacha. Kodi ya fremu imeingia kwenye bei ya kazi. Kwa mwenye duka dogo njia zilizobaki si chache, ila zinahitaji kutafutwa. Wanafunzi wa chuo cha ufundi cha VETA cha Nyakato na wa kampasi ya Mwanza ya chuo cha teknolojia cha DIT hutafuta mahali pa mafunzo kwa vitendo kila mwaka, na steshenari inayompokea mmoja wao hupata mikono kwa gharama ya nauli na chakula. Maduka manne au matano ya mtaa mmoja yanaweza kuchanga kila mwezi kwa fundi mmoja wa kuzungukia printa na kompyuta zao, jambo linalomrudishia fundi uhakika aliokuwa nao alipokuwa na kiti. Kosa linalotokea kwenye skrini hupigwa picha na kutumwa WhatsApp, na fundi akiwa mbali huingia kwenye kompyuta kwa programu na kuirekebisha, mradi bando lipo na mwenye duka anamfahamu anayemfungulia mlango.

Vipuri ndivyo vilivyobaki katikati ya jiji, na mafundi wa Sengerema na Geita bado huvifuata huko. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa foleni ya kivuko kwenye njia hiyo, na kioo kilichoagizwa asubuhi kinaweza kufika Sengerema kabla ya mchana.