Gitaa Lilipomuuma Jaduong'



Leo sina mahubiri marefu. Nina toba. Ndani ya toba hiyo kuna habari ya gitaa la besi, kwa hiyo wewe uliye kwenye timu ya sifa, tafuta kalamu. Na wewe ambaye hujawahi kushika gitaa, usiondoke. Neno hili ni lako pia.

Kanisani kwetu hapa Ndhiwa tuna gitaa la besi ambalo limekula chumvi nyingi. Jina la kiwanda limefutika kabisa. Umbo lake ni lile ambalo Leo Fender alilitoa kule California mwaka 1951 akaliita Precision, na ambalo baadaye viwanda vya Japani vililinakili kwa wingi. Hili letu ni la Japani. Mwenyewe ni mzee mmoja ambaye sisi sote humwita Jaduong'. Alilipigia benga miaka ya sabini, akizunguka nalo Homa Bay, Migori na Kisumu, na mara nyingine akivuka mpaka hadi Shirati, Tanzania, kule alikozaliwa D.O. Misiani. Alipookoka, alikuja nalo kanisani.

Wako washirika waliosema hilo ni gitaa la dunia, lichomwe. Nilimtetea. Niliwaambia mbao haina dhambi.

Na alijua kulipiga! Kama umekulia Nyanza unajua benga ilichota mengi kwa nyatiti, chombo chetu cha nyuzi nane, ambacho mpigaji wake hugonga pia kwa pete ya chuma kwenye kidole cha mguu. Ndiyo maana besi ya benga haikai nyuma kama mgeni mlangoni. Inaulizwa, inajibu. Jaduong' alipiga nyimbo za ibada vivyo hivyo, na akina mama walicheza mpaka vitambaa vikadondoka.

Sasa sikiliza nilivyokosea.

Miaka miwili iliyopita tulijenga jengo jipya. Fundi wa stima aliniambia, "Pasta, lazima tuzike fimbo ya shaba ardhini, tuunganishe waya wa ardhi hadi kwenye kila soketi." Niliuliza ni pesa ngapi. Aliponiambia, nikajibu, "Tutafanya baadaye." Pesa hizo zilinunua marumaru za madhabahu. Zinang'aa sana. Ukija utaziona.

Haukupita mwezi, Jaduong' akaniita kando baada ya ibada. Yeye hupenda kupiga gitaa akiwa miguu mitupu. Akaniambia, "Pasta, gitaa linaniuma."

Unajua nilimjibu nini? Nilicheka. Nikasema, "Jaduong', huo ni upako!" Nikalirudia madhabahuni Jumapili iliyofuata, kanisa zima likacheka. Yeye pia alicheka, kwa heshima.

Alirudi mara ya pili. Akarudi mara ya tatu. Mara hiyo kijana mmoja wa timu ya sifa alifungua gitaa, akaona waya mwembamba unaotoka chini ya kile chuma kinachoshikilia nyuzi, ukaingia ndani penye vidude vya kuzungushia sauti. Akaukata. Gitaa likaacha kuuma, tukasema Haleluya.

Jumapili hiyo hiyo kelele ikaanza. Nguuuu, mfululizo, hata nyuzi zikiwa zimetulia. Wiki baada ya wiki watu wakaanza kuninong'oneza kwamba Jaduong' amezeeka, anatoka nje ya sauti, hapatani tena na kibodi. Nami nikasikiliza, na kweli hakuwa anapatana.

Nikamwita. Nikamwambia kwa upole ule wetu wa kichungaji, "Jaduong', pumzika kidogo, vijana waendelee." Akaniangalia. Akasema, "Sawa, nyathina." Akaliacha gitaa kanisani, akahamia benchi la mwisho karibu na mlango. Baada ya muda benchi hilo likabaki tupu. Miezi minane, mpendwa, na sikwenda kumwona. Nilikuwa na mikutano.

Tukaanza harambee ya kununua besi mpya, ile yenye betri ya volti 9 ndani. Tulipofikisha shilingi 18,000 nikapata wazo: tutengeneze lile kuukuu, tumwombe Jaduong' aliuze, pesa ziongezee harambee. Ndiyo sababu nililifunga kwenye gunia, nikapanda matatu kupitia Rodi Kopany hadi Homa Bay, kwa fundi anayetengeneza redio na amplifaya.

Fundi akalifungua. Kitu cha kwanza alichouliza: "Nani aliukata huu waya?"

Nikamweleza. Hakucheka. Akachukua mita yake, akapima pikapu. (Si ile ya kubeba mahindi sokoni. Kwenye gitaa, pikapu ni kile kijisanduku kilicho chini ya nyuzi.) Akanieleza kwamba ndani yake kuna sumaku, na waya wa shaba mwembamba kuliko unywele umezungushiwa maelfu ya mara. Uzi wa chuma unapotetemeka juu ya sumaku, unazaa umeme mdogo sana kwenye shaba ile. Ni kanuni ambayo Michael Faraday aliionyesha mwaka 1831. Ya gitaa hili imegawanywa vipande viwili, mtindo ulioanza mwaka 1957: kimoja kimezungushwa kinyume cha kingine, ili kelele inayoingia huku ifutane na inayoingia kule.

"Pasta," akasema, "hii ni nzima. Hapa ndipo sauti ya gitaa inapotoka. Ukiitoa hii, umenunua gitaa lingine."

Nikamuuliza, basi kibaya ni nini? Akanionyesha. Vile vidude viwili vya kuzungusha, kimoja cha kuongeza sauti na kingine cha kuifanya iwe kali au nzito, vilikuwa vimejaa vumbi na kutu. Ndiyo maana vilikuwa vikikwaruza. Akaweka vipya vya kilo-omu 250. Kapasita akaweka ya mikrofaradi 0.047, kazi yake ni kuchuja ule ukali na kuupeleka chini unapozungusha kidude cha pili, besi ibaki nzito. Akabadilisha tundu la kuchomekea waya. Kisha akabandika karatasi ya shaba ndani ya lile shimo lote, na kuiunganisha na waya wa ardhi, ili kelele za taa na simu zisiingie kwa urahisi. Vifaa vyote havikufika nusu ya harambee yetu. Pikapu hakuigusa.

Mwisho akashika kile chuma cha kulehemu, akaurudisha ule waya uliokatwa. Akaniambia maneno ambayo sijayasahau. "Waya huu haukuwa na kosa. Unaunganisha nyuzi na ardhi kupitia amplifaya, na mpigaji akigusa nyuzi kelele hunyamaza. Lakini jengo lenu halina ardhi. Umeme uliovuja kwenye amplifaya ulikosa pa kwenda, ukaja kwenye nyuzi, ukapita kwa mzee kwenda chini. Yeye ndiye alikuwa waya wenu wa ardhi."

Nilikaa kwenye kile kistuli chake, nikanyamaza.

Akanikumbusha kwamba jambo hili limeua watu. Mwaka 1972 mpiga gitaa Les Harvey wa kundi la Stone the Crows alikufa jukwaani Swansea, kule Wales, alipogusa maikrofoni yenye hitilafu ya ardhi huku ameshika gitaa. Nami nilikuwa nimewachekesha watu kwa upako.

Nikamuuliza habari ya Jaduong' kutoka nje ya sauti. Akachukua tuna yake, akapiga noti ya G ya chini. "Hii hutetemeka mara 49 kwa sekunde," akasema. "Stima ya Kenya ni mara 50. Ile nguuuu yenu ilikuwa imekaa karibu kabisa na G, ila iko juu kidogo. Ukiwa na sikio zuri, itakusumbua."

Nikauliza kuhusu nyuzi, kama tuweke mpya. Akasema, "Hizo muulize mwenyewe."

Mpendwa, Mathayo 5:23-24 inazungumza juu ya mtu aliyefika madhabahuni na sadaka yake, kisha akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Anaambiwa aiache sadaka pale, aende kwanza akapatane. Nimeihubiri mara nyingi, na kila mara nilimfikiria mtu mwingine. Kwenye matatu ya kurudi, gunia likiwa magotini, nilijua anayeambiwa ni mimi, na kwamba madhabahu yenyewe ni ile ya marumaru.

Wiki hiyo tulisimamisha harambee. Kwa ruhusa ya wazee wa kanisa na ya waliotoa, zile pesa zilizika fimbo ya shaba na kulipa fundi wa stima mwenye leseni, akapima kila soketi. Ndipo nikaenda kwa Jaduong', upande wa Mto Kuja, gunia begani.

Nilimkuta chini ya mwembe. Nilijaribu kuanza na maombi, akanizuia kwa mkono. "Sema kwanza," akasema. Nikasema yote. Marumaru. Kicheko. Waya. Miezi minane.

Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema, "Nyathina, mimi nilikuwa naisikia ile sauti. Nilidhani ni nyinyi mmeweka G mahali hapo. Nikawa nakaza nyuzi kidogo ili niifuate, nisiwaaibishe. Ndipo nikakosana na kibodi. Uliponiambia nipumzike, nilisema basi, masikio yangu yamekwisha. Hata nyumbani sijaimba tangu siku ile."

Nilipiga magoti pale pale kwenye vumbi. Mchungaji mzima. Sioni aibu kukuambia.

Baadaye nikamuuliza habari ya nyuzi. Akazipapasa zile kuukuu, akasema, "Hizi ziache. Zimenizoea." Nilipomwambia uamuzi wa kurudi ni wake, alisema atafikiria. Hakuniambia ndiyo, nami sikumsukuma.

Jumapili ya tatu aliingia ibada ikiwa imeanza. Akalichukua gitaa, akachomeka waya. Hakukuwa na nguuuu. Alipiga G moja ya chini, akaiacha ikae, na mpiga kibodi akageuka kumtazama. Sauti ilikuwa ile ile ya zamani, ila sasa ilikuwa safi, na unasikia kila kidole. Vitambaa vilidondoka, ndiyo. Lakini mimi nilikuwa nikiangalia kitu kingine. Jaduong' alikuwa amevaa viatu. Na kabla ya kushika nyuzi, alizigusa kwanza kwa mgongo wa vidole, upesi, kama mtu anayejaribu sufuria kama ni ya moto.

Anafanya hivyo mpaka leo. Simlaumu. Msamaha nilipewa siku moja; kuaminiwa ninakungoja.

Sasa nikuulize, wewe unayesoma. Nyumbani kwako, kanisani kwako, kazini kwako, ni nani amekuambia mara tatu kwamba kuna kitu kinamuuma, nawe ukamjibu kwa utani? Mkeo? Kijana wako wa Form Two? Mfanyakazi wako? Kuna waya umeukata ili kelele ya maumivu ikome, na sasa unashangaa kwa nini nyumba nzima inavuma. Usimtoe mtu mahali pake kabla hujakagua ardhi ya jengo ulilolijenga wewe mwenyewe. Gitaa letu liliboreshwa kwa vitu vidogo sana, na moyo wake haukuguswa, kwa sababu moyo wake haukuwahi kuwa na shida.

Na kwa timu za sifa, tafadhali: msivunje jino la tatu la plagi. Msikate waya wa nyuzi ili gitaa liache kuuma. Gitaa likiuma, zimeni kila kitu, mwiteni fundi mwenye leseni apime ardhi ya jengo siku hiyo hiyo. Marumaru zitangoja.

Tuombe. Bwana, nipe sikio la kusikia mara ya kwanza. Pale nilipocheka, nipe ujasiri wa kwenda kwa miguu yangu mwenyewe. Mponye yule aliyeanza kutilia shaka masikio yake kwa sababu ya kelele niliyoileta mimi. Katika jina la Yesu, Amina.

Kama kuna mtu umemkumbuka ukisoma, usiandike Amina hapa kwanza. Mpigie simu, halafu urudi.

Ubarikiwe. Tuonane Jumapili.