Mwili wa Mwalimu Nao Uko Kazini

Mimi ni mwalimu wa erobiki jijini Dar es Salaam. Natoa ushuhuda huu kwa ajili ya wenzangu, hasa vijana wanaoingia kwenye fani wakiamini kwamba anayeshinda jimu hawezi kuugua.

Mwishoni mwa 2016 Mama Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, aliwahimiza Watanzania kufanya mazoezi kila Jumamosi ya pili ya mwezi. Vikundi vya jogging vikachipuka mitaani, na sisi walimu tukapata neema. Alfajiri nilikuwa na wakimbiaji, asubuhi kina mama, jioni watu wa maofisini. Kila kipindi niliruka mwanzo hadi mwisho, nikipaza sauti kuushinda muziki. Malipo yalikuwa kwa kipindi: usipofika, huna chako.

Ilianza kuondoka sauti. Ikawa inakwaruza jioni, kisha hata asubuhi, mpaka mke wangu akawa ndiye anayenipokelea simu. Daktari wa masikio, pua na koo alinionyesha nyuzi zangu za sauti kwenye skrini: mbili, nyeupe, na pale zinapogongana vinundu viwili vinatazamana. Mtu akiongea, nyuzi hizo hugongana zaidi ya mara 100 kwa sekunde. Akipiga kelele, hugongana kwa nguvu zaidi.

Kisha ikafuata miguu. Sakafu yetu ilikuwa vigae juu ya zege. Ukiruka na kutua, mguu hupokea mzigo unaozidi uzito wa mwili wako mara kadhaa, na zege haikupunguzii kitu. Nikibonyeza ugoko kwa kidole, maumivu yalipanda hadi gotini. Mtaalamu wa fiziotherapia akaniuliza, "Mwalimu, siku yako ya kupumzika ni ipi?" Sikuwa nayo. Akaniambia, "Wanafunzi wako wanafanya mazoezi. Wewe unafanya kazi ya sulubu." Maneno hayo yalinibadilisha.

Nilinyamazisha sauti kama nilivyoagizwa, nikafundishwa upya kupumua na kuongea, vinundu vikaisha bila upasuaji. Nikarudi darasani na kipaza sauti cha kuvaa kichwani na lugha ya mikono. Kiganja kikitazama chini, punguzeni kasi. Vidole vinne, zimebaki hesabu nne. Naonyesha zoezi kidogo, kisha natembea katikati ya watu. Hapo ndipo nilipoanza kuona yaliyokuwa yakinipita nikiruka kule mbele: mama ambaye goti lake linaingia ndani akichuchumaa, mzee anayebana pumzi akinyanyua mikono. Namsogelea, namwambia, "Shikamoo mzee, toa pumzi," na uso wake unalegea palepale. Nafundisha vizuri zaidi sasa kuliko nilipokuwa nikijichosha.

Muziki nao tuliushusha. Wataalamu wa usikivu wanashauri sauti ya desibeli 85 isizidi saa 8 kwa siku, na kila zikiongezeka desibeli 3, muda huo ukatwe nusu. Kwa desibeli 94 inabaki saa moja tu, na mwalimu mwenye vipindi vitatu ameshaipita.

Mengine hayawezi kufanywa na mtu mmoja. Walimu wote tulimwendea mwajiri kwa pamoja, tukazungumza kwa heshima, yakatandikwa mazulia ya mpira na tukapata mikataba ya maandishi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtwika mwajiri jukumu la kulinda afya yetu. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi nao huchangiwa na mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi, ili anayeumia au kuugua kutokana na kazi afidiwe. Goti la mwalimu wa mazoezi linastahili ulinzi huo sawasawa na mgongo wa mpakia mizigo bandarini.

Goti langu la kulia bado linauma nikipanda ngazi, lakini sauti ninayo, kazi ninayo, na Jumapili ninapumzika. Kijana unayeanza, kabla hujauliza kipindi kinalipa shilingi ngapi, uliza utaruka juu ya sakafu gani, kipaza sauti kipo, na ukiumia nani atakutibu. Ukikosa majibu, usisaini.