Valvu ya Ng'ombe na Barabara ya Suji

Binti wa marehemu dada yangu alinipigia simu kutoka wodini, Dar es Salaam, siku mbili kabla ya kupasuliwa moyo. "Shikamoo mjomba. Wanasema nichague valvu, ya chuma au ya mnyama. Wewe umesoma, nisaidie." Nilikuwa nikisahihisha mitihani. Nikamjibu upesi, kwa ujasiri wa mtu aliyezoea kuulizwa na kujibu: chagua ya chuma, haichakai.

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi tangu siku ile, na leo nataka kueleza kwa nini lilikuwa jibu baya.

Moyo una milango minne, ambayo madaktari huiita valvu. Ulioharibika kwa mpwa wangu ni ule wa mitrali, ulio kati ya vyumba viwili vya upande wa kushoto. Kilichouharibu ni mafindofindo. Mtoto huumwa koo kwa sababu ya bakteria. Asipopewa penisilini, kinga ya mwili wake huweza kuwashambulia bakteria hao na kuushambulia moyo pamoja nao. Viungo huvimba, homa huja na kuondoka, watu husahau. Valvu haisahau, hujikunja kwa makovu mwaka baada ya mwaka. Kule Suji alikokulia, juu katika milima ya Upare Kusini, zahanati aliyopelekwa utotoni (sitaitaja) ilimpa dawa ya malaria na panadol kila alipolalamika koo. Alipofikishwa KCMC, Moshi, alikuwa na miaka 23 na hakuweza kupanda kutoka mtoni hadi nyumbani bila kuketi mara tatu.

Madaktari wa zamani waliamini kwamba moyo haugusiki. Mwaka 1925, jijini London, Henry Souttar alipenyeza kidole chake katika moyo wa msichana, ukiwa unadunda, akaitanua valvu iliyobana. Msichana akapona, lakini wenzake hawakumletea tena mgonjwa wa namna hiyo. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 1953, John Gibbon alipofanikiwa kutumia mashine ya kushika kazi ya moyo na mapafu wakati wa upasuaji, ndipo moyo ukaweza kusimamishwa na kufunguliwa kwa utulivu. Mwaka 1960 huko Oregon, Marekani, daktari Albert Starr na mhandisi mstaafu Lowell Edwards walitoa valvu ya mpira mdogo unaocheza ndani ya kizimba. Miaka mitano baadaye Alain Carpentier na wenzake, jijini Paris, walimwekea binadamu valvu ya nguruwe.

Kwetu, upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na mwaka 2015 ikazaliwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Kabla ya hapo, mtoto wa mkulima wa Upare aliyehitaji valvu alisubiri kibali cha kupelekwa India. Hii ni fahari ya taifa, nami ninayezoea kuikosoa serikali humu naikiri bila masharti.

Sasa nirudi kwenye uchaguzi. Valvu tunayoiita ya chuma, ingawa siku hizi hutengenezwa zaidi kwa kaboni, hudumu miongo mingi. Lakini damu hupenda kuganda juu yake, hivyo mgonjwa humeza wafarini kila siku maisha yake yote, na damu yake hupimwa mara kwa mara. Dawa ikipungua, bonge la damu huweza kukimbilia ubongoni. Ikizidi, mgonjwa huvuja damu. Hata kubadilisha kiasi cha mchicha na kisamvu mezani huvuruga kipimo. Tena wafarini huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Valvu ya mnyama haina masharti hayo ya kudumu, ila huchakaa, na kwa kijana huchakaa haraka zaidi. Atakayeichagua amekubali kupasuliwa tena.

Mpwa wangu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Mjomba, hiyo damu nitakuwa naipimia wapi? Na mtoto je?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeilinganisha valvu na valvu, kama vitu viwili dukani. Yeye aliilinganisha na barabara ya kupanda Suji kutoka Makanya wakati wa masika, na nauli ya kwenda Moshi.

Akachagua ya mnyama. Hapo mama yangu, Msabato wa tangu kuzaliwa, akainuka. Wasabato walifika katika milima yetu mwaka 1903, na nguruwe hajaingia jikoni kwa mama hata siku moja. Vipi aingie moyoni mwa mjukuu wake? Daktari alieleza kwa adabu kwamba zipo pia zinazotengenezwa kwa utando unaozunguka moyo wa ng'ombe. Mama alitafakari kidogo, akasema ng'ombe hana kesi. Kwa Mpare, ambaye watani humsingizia kwamba atauza ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku, hilo si neno dogo.

Mwaka 1945 maelfu ya Wapare waliteremka hadi Same, makao makuu ya wilaya, wakapiga kambi kuipinga kodi ya mbiru. Hawakutetea jambo kubwa kuliko dozi ya penisilini kwa koo la mtoto. Sijasikia wagombea wetu wakiulizwa juu ya penisilini. Huulizwa juu ya lami na minara ya simu, nao huahidi hospitali kubwa zaidi, kwa kuwa jengo huzinduliwa kwa utepe na sindano haizinduliwi.

Mwaka jana mpwa wangu alijifungua mtoto wa kike. Valvu yake mpya haimkingi na homa ileile, kwa hiyo huchomwa penisilini kila baada ya wiki nne. Mwezi uliopita dawa ilikosekana kijijini. Nilimkuta stendi ya Same, kateremka kwa bodaboda alfajiri, mtoto mgongoni. Nilimpa kikasha nilichonunua Dar es Salaam. Akahesabu vichupa: vitatu. "Hadi Machi basi," akasema, akaenda kutafuta wa kumchoma.