Ligi Bora ni Ipi? Maungamo ya Shabiki Aliyekosa Maneno

Ikiwa umewahi kuishi katika bweni la chuo kikuu chochote nchini humu, basi mjadala huu si mgeni kwako. Huzuka usiku wa Jumamosi, mechi zikishamalizika, na hautulii mpaka jirani agonge ukuta: ligi bora ya kandanda ulimwenguni ni ipi? Mmoja huapa kwa Uhispania, mwingine kwa Italia, na hakosekani mwenzetu aliyesoma Kijerumani muhula mmoja ambaye huitetea Ujerumani kama kwamba amezaliwa Dortmund. Mimi kwa miaka mingi nilikuwa wakili wa Waingereza, tena wakili asiyelipwa. Nia yangu katika makala haya ni kusimulia jinsi uwakili huo ulivyonitoka, na fedheha iliyoandamana nao.

Nianze nyumbani. Nilizaliwa mwaka 1997 katika nyumba ya shabiki wa AFC Leopards. Baba alikulia Kakamega akisikiliza redio ya Sauti ya Kenya, enzi ambazo watangazaji walirudia “Kadenge na mpira, Kadenge na mpira” mpaka watoto wakadhani maneno hayo ni jina moja. Joe Kadenge alifariki mwaka 2019, na siku hiyo Baba hakuwasha televisheni. Klabu hiyo ilianzishwa mwaka 1964 kwa jina la Abaluhya, na mara ya mwisho ilipotwaa ubingwa wa ligi, mwaka 1998, mimi nilikuwa najifunza kutembea. Msimu wa 2024/25 ulikamilika bingwa akiwa Kenya Police, kwa mara ya kwanza katika historia yao. Ingwe walikuwa bado wanangoja. Kwa hiyo ushabiki nilioukuta nyumbani haukuwa wa kula matunda. Ulikuwa wa kumwagilia mti.

Baba alinipeleka uwanjani tangu nikiwa darasa la pili. Ninachokikumbuka zaidi si mabao, bali ngoma. Isukuti zilianza kulia tungali barabarani, na kufikia langoni miguu yangu ilikuwa imekwisha kushika mdundo. Ngoma hiyo ya Waisukha na Waidakho iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Mimi niliijua kama kitu cha kumwamsha mchezaji mvivu wa pembeni.

Kisha ikaja tarehe 23 Oktoba 2010. Gor Mahia na AFC Leopards walikuwa wakutane Nyayo. Tulikuwa nje, mbali na lango, Baba amenishika mkono kama mtoto mdogo ilhali nilikuwa na miaka kumi na mitatu na niliona haya. Hatukuona mkanyagano, tulisikia tu sauti ya umati ikibadilika, kisha watu wakaanza kurudi nyuma. Watu saba walifariki. Tulifika nyumbani salama, lakini Mama alikwisha sikia habari redioni, na alikuwa ameketi mlangoni bila viatu. Hakugomba. Alisema tu kwamba mtoto wake hatakanyaga tena uwanja wa mpira. Baba hakubisha, wala hakuacha kwenda. Akawa anakwenda peke yake.

Ndipo mimi nikahamia Uingereza bila pasipoti. Mtaani kwetu kulikuwa na ukumbi wa video wa mabati, kiingilio shilingi ishirini, ratiba imeandikwa kwa chaki na jina la West Bromwich likiandikwa kila wiki kwa tahajia mpya. Humo nilijifunza kandanda nyingine kabisa: kasi isiyopumzika, nyasi kama zulia, pasi zinazofika zilikotumwa. Ubora wa ligi ile sina haja ya kuutetea kwa maneno mengi. Mwaka 2012 Sergio Agüero aliipa Manchester City ubingwa katika dakika za nyongeza za mechi ya mwisho, na mwaka 2016 Leicester, timu ambayo hakuna aliyeitazamia, ikatwaa kombe. Tulimwona Victor Wanyama akiingia Southampton mwaka 2013, Mkenya wa kwanza kucheza katika ligi hiyo, na ukumbi mzima ukasimama utadhani sote ni shemeji zake. Mimi niliichagua Arsenal, chaguo ambalo sasa naona nililirithi: msimu wa 2023/24 walipata alama 89 na wakamaliza wa pili. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Kuna jambo moja ambalo lilinipa fahari ya kipumbavu. Tangu miaka ya 1960 Waingereza wana utaratibu wa kutoonyesha moja kwa moja mechi za saa tisa alasiri za Jumamosi, ili watu waende viwanjani, na hasa ili klabu ndogo zisikose watazamaji. Maana yake ni kwamba mimi, katika ukumbi wa mabati jijini Nairobi, nilitazama mechi ambazo Mwingereza aliyeketi sebuleni mwake hakuonyeshwa. Nililisimulia hili mara nyingi bwenini kama ushindi. Sikuwahi kujiuliza kwa nini wenye ligi hiyo waliona haja ya kuilinda dhidi ya televisheni ilhali sisi hatukuona.

Swali hilo nililetewa na masomo. Nilipoandaa pendekezo langu la utafiti wa uzamili, nilitaka kuzichunguza nyimbo za mashabiki kama utanzu wa fasihi simulizi. Kwa kuwa kumbi za video zilikuwa karibu, niliamua kuanzia huko. Nilikaa humo Jumamosi kumi na moja na daftari langu. Nilikusanya mabishano, matusi, utabiri, hesabu za kamari na laana moja ya kifundi sana aliyopewa mwamuzi. Wimbo sikupata hata mmoja. Msimamizi wangu alizipitia kurasa zile, akavua miwani, akaniuliza: “Fanani wako ni nani hapa, na anaisikia vipi hadhira yake?”

Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua kwamba katika fasihi simulizi hadhira si mtazamaji tu. Huitikia, hudakia, humsukuma msimulizi arefushe au afupishe. Sisi wa ukumbini tulipiga kelele, lakini Bukayo Saka hakupata kusikia hata moja. Ushahidi mkubwa zaidi ulikuwa umepita mbele ya macho yangu mwaka 2020, nikashindwa kuusoma. Mwezi Juni mwaka huo ligi ya Uingereza iliporejea baada ya kusitishwa kwa ajili ya korona, viwanja vilikuwa vitupu, na televisheni zikaingiza sauti za mashabiki zilizorekodiwa zamani. Wanasoka walikuwa walewale, nyasi zilezile, na bado mechi ilikuwa kama harusi isiyo na vigelegele. Waliouza mchezo huo walijua kwamba bila hadhira hauuziki, hata kama hadhira yenyewe ni ya kanda.

Za Ulaya nyingine nitazipita haraka, kwa kuwa nazijua kwa macho tu. Ujerumani naipa heshima yake kwa mandhari: kanuni yao inawaachia wanachama wa klabu kura nyingi kuliko mwekezaji, na pale Dortmund kuna jukwaa moja la kusimama linalobeba watu wapatao 25,000. Ila burudani gani hiyo ambapo bingwa ni Bayern miaka kumi na mmoja mfululizo, kuanzia 2013 hadi 2023, mpaka Leverkusen walipoukata mnyororo mwaka 2024 bila kushindwa hata mechi moja? Uhispania wana ufundi wa mguu kuliko wote. Italia waliniletea McDonald Mariga akiwa Inter, na kwa hilo sitawasema vibaya.

Nilipopata mafunzo hasa ni Dar es Salaam. Mwezi Novemba 2023 nilikuwa huko kwa kazi ya maktabani, na tarehe 5 mwenyeji wangu akanichukua hadi Uwanja wa Benjamin Mkapa kuwaona Simba na Yanga. Ndugu zangu, huo uwanja unachukua watu 60,000, na nusu ya mji ilikuwa nyekundu na nusu kijani na njano tangu asubuhi. Kennedy Musonda wa Zambia aliwafungia Yanga mapema, Kibu Denis akasawazisha, na hadi mapumziko ilikuwa moja kwa moja. Kipindi cha pili Yanga wakaongeza mabao manne. Tano kwa moja! Jirani yangu, mzee wa Simba aliyevaa kanzu na jezi juu yake, alikaa kimya kwa dakika nzima, halafu mwanamke wa Yanga asiyemjua akamnunulia karanga na kumpa pole kwa sauti ya msibani. Mzee alizipokea. Alizila.

Wenyewe huitana “watani wa jadi”, na jina hilo si pambo. Utani tumeusoma darasani kama uhusiano wa kijamii wenye kanuni zake: nani amtanie nani, kwa lipi, na wapi akome. Pale niliuona ukifanya kazi mbele ya umati wa maelfu. Kesho yake mhudumu wa nyumba ya wageni alimsalimu kila mpenzi wa Simba kwa kunyoosha kiganja, vidole vyote vitano wazi, bila kusema neno. Waliosalimiwa walijua wanaambiwa nini.

Na lugha! Mechi hutangazwa kwa Kiswahili kupitia Azam TV, ambayo mwaka 2021 iliingia mkataba wa miaka kumi na shirikisho lao, na Kiswahili hicho hakiombi radhi. Mpira ukipita katikati ya miguu ni tobo. Ukipitishwa juu ya kichwa cha mpinzani ni kanzu. Bao la kujipindua hewani ni tikitaka, na Watanzania hawajali hata kidogo kwamba Barcelona walilivaa neno kama hilo kwa maana nyingine. Mimi, mwanafunzi wa uzamili wa Kiswahili, nilikuwa nikiyaandika katika daftari kama mgeni.

Je, ligi yetu? Sitaki kuipamba. SuperSport walipoondoka mwaka 2017 mechi nyingi zilitoweka machoni pa watu, na mwaka 2022 FIFA ilitufungia kuanzia Februari hadi Novemba. Viwanja vingi ni vibovu, mechi huahirishwa asubuhi ya siku yenyewe, na wapo wachezaji wanaofanya mazoezi bila mshahara. Hata hivyo ndiyo ligi iliyomlea Michael Olunga, aliyeibuka mfungaji bora wa Japani mwaka 2020 kwa mabao 28. Mwaka 2018 Gor Mahia waliwafunga Simba mawili kwa bila katika fainali pale Nakuru. Punde si punde Simba wakamchukua Meddie Kagere, kisha Francis Kahata, kisha Joash Onyango. Wao waliona thamani ya kitu tulichokuwa tukikipita njiani tukielekea ukumbini. Kwamba hadhira tunayo sina shaka: katika mashindano ya CHAN ya Agosti 2025 Kasarani ilijaa na kufurika, tukawafunga Morocco, kabla ya kutolewa na Madagascar kwa mikwaju ya penalti.

Sasa nirudi kwa Baba. Nilijaribu mara nyingi kumwita atazame Arsenal nami. Alikuwa akija, anakaa robo saa, kisha anaondoka. Siku moja nilimwuliza sababu, akanijibu, “Siwezi kumshangilia mtu asiyenisikia.” Nilicheka, nikadhani ni ukaidi wa kizee.

Mwaka jana macho yake yaliingia ukungu. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, na zamu ya upasuaji ikapangwa miezi kadhaa mbele. Mama mwenyewe ndiye aliyenipigia simu. Aliniambia Baba hawezi tena kwenda uwanjani peke yake, na kwamba kukaa nyumbani Jumapili kunamzeesha. Akanyamaza, kisha akasema, “Mpeleke. Lakini mshike mkono.” Miaka kumi na minne marufuku ile ilikuwa imesimama.

Ilikuwa mechi ya kawaida, isiyo na jina, jukwaa halikujaa hata robo. Isukuti zilikuwapo, mbili tu. Baba aliketi ameinamisha kichwa, na nikagundua kwamba alikuwa akiufuata mchezo kwa ngoma: zilipoharakisha alijua tunashambulia, zilipokatika alijua mpira umepotea. Baada ya muda akanigusa goti.

“Nitangazie.”

Nikafungua kinywa. Maneno yaliyokuja ni yale niliyoyasikia miaka yote ukumbini, ya Kiingereza, tena kwa lafudhi ya kuazima. Nikayameza. Nikatafuta ya Kiswahili, yakaja yale ya daftari la Dar, moja moja, yakichelewa, mpira ukiwa umekwisha ondoka nilipoutaja. Baba alivumilia. Hatimaye nikayakumbuka maneno aliyonilea nayo.

“Nambari saba na mpira,” nikasema. “Nambari saba na mpira, anakwenda, bado nambari saba...”

“Nambari saba ana jina,” Baba akasema.

Nilikuwa nalijua jina la kila mchezaji wa akiba wa Arsenal. Nikageuka kumwuliza kijana aliyeketi nyuma yetu.