Mama Mdogo wa Nyakitonto

Gari la Kibondo lilikuwa likitushusha Nyakitonto alasiri, tukiwa wekundu wa vumbi kuanzia nyusi hadi vidole vya miguu. Kabla hujanyoosha mgongo, harufu ilikuwa imeshakupokea: mawese yanayopata moto, moshi wa kuni za miyombo, na mgebuka mkavu uliopandishwa kutoka Kigoma. Jiko la Bibi lilikuwa nyuma ya nyumba, limeezekwa nyasi, jeusi ndani kwa masizi ya miaka. Ingia kwa kuinama. Kaa kwenye kigoda cha karibu na mlango, maana vya ndani vina wenyewe.

Kisha salamu. Kwetu Buha salamu haina haraka. Bibi alipiga makofi taratibu, akauliza mmeamkaje, waliobaki wameamkaje, mashamba yanasemaje, na kila jibu likaitikiwa kwa makofi mengine. Mama Mdogo alikuwa amechuchumaa pembeni yake, viganja vyake vikifuata mdundo uleule. Waliomwona walisema amefanana na Bibi hata kwa kuinamisha kichwa.

Mama Mdogo ndiye aliyekuwa likizo yetu. Mvua za kwanza zikishanyesha, alitutoa kitandani alfajiri twende msituni kutafuta uyoga. Alitembea mbele na kikapu kichwani, akipekua majani makavu kwa fimbo, anaunusa mmoja, anautupa, anaunusa mwingine, anatupa sisi tuunuse. Jioni aliupika kwa karanga za kutwangwa, tukaulia ugali wa muhogo hadi chungu kikalia kwa kukwanguliwa.

Jambo moja lilinitatiza. Mjomba alizaliwa mwaka 1972. Mama Mdogo naye alizaliwa 1972. Pacha hawakuwa, maana pacha kwetu hawafichiki. Mama yao hubadilishiwa hata jina. Nilimuuliza Bibi siku moja tukipukuchua mahindi. Akanipa hindi la kuchoma, la moto, akasema kula kabla halijapoa.

Mwishoni mwa 1997 nilikuwa huko. Vita vya Burundi vilikuwa vimeleta watu wengi mpakani, na wa Kongo walikuwa wamepewa kambi ya Nyarugusu mwaka uliotangulia. Wanawake wa kijiji walikuwa wakipeleka ndizi huko na kurudi na mafuta ya msaada. Kisha ukaja msako. Askari walipita vijijini wakikusanya Warundi walioishi nje ya kambi, hata waliokaa miaka 25, waliooa na kuolewa, wenye migomba inayozaa. Usiku tulisikia magari. Asubuhi nyumba fulani haikutoa moshi.

Siku waliyofika kwetu, jua lilikuwa limepanda kidogo. Nakumbuka wanawake walitangulia. Mmoja alikuja na ungo wake, akaketi uani bila kuitwa. Akaja mwingine. Mkunga mzee, aliyekuwa haoni vizuri tena, alishikwa mkono akaletwa. Bibi alimwaga mbegu za maharage katikati, zile za madoadoa, wakaanza kuchambua: nzima huku, zilizotobolewa kule. Mama Mdogo waliketi naye katikati yao, bega kwa bega, mtoto wake akinyonya. Mikono yao haikutetemeka hata mmoja. Wa kwangu ulitetemeka, nikaukalia.

Aliyeuliza maswali alikuwa kijana mwenye adabu. Alimwamkia Bibi shikamoo. Akauliza, huyu dada ni wa wapi?

"Kitovu chake kimezikwa kule mahameni," Bibi akasema, akionyesha kwa kidevu mlima ambako ukoo wetu uliishi kabla ya kuhamishiwa barabarani wakati wa vijiji vya ujamaa. Migomba ya zamani ilikuwa ikionekana bado.

"Mlikuwepo, akina mama?"

"Tulikuwepo," akajibu mkunga. Wengine wakaitikia, na sauti ya maharage kwenye ungo haikukatika. Kijana akatazama mlima, akawatazama wao, akaaga.

Nilisimuliwa nikiwa mtu mzima. Bibi alisimulia mwenyewe, ameketi kwenye mkeka, na Mama Mdogo nyuma yake akimchana nywele nyeupe, akimsahihisha hapa na pale. Kumbe naye alijua tangu alipovunja ungo.

Mwaka ule wa 1972, mauaji yalipoanza Burundi, mwanamke mmoja alivuka mto Malagarasi akiwa na mimba pevu. Mumewe alikuwa mwalimu, na walimu walikuwa wakiitwa wasirudi. Alijifungua njiani, peke yake. Bibi alimkuta kule mlimani chini ya migomba, akamwingiza jikoni, akamkanda kwa maji moto, akamnywesha uji. Kitovu cha mtoto kilianguka humo, karibu na mafiga, wakakizika wote wawili. Kisha yule mama akasema amemwacha binti mkubwa kwa mama mkwe wake, anarudi kumchukua, siku chache tu. Aliondoka kabla hakujapambazuka. Bibi alikuwa akimnyonyesha Mjomba. Akawa anawapakata wote wawili, mmoja kulia, mmoja kushoto. Wanawake wa kilima kile wote walijua. Waume zao hawakuambiwa.

Bibi alisema hilo hakulianza yeye. Buha ilipokuwa mikononi mwa Wabelgiji, kuanzia 1916 hadi 1921, mama yake alikuwa msichana aliyetumwa usiku kupeleka chakula vichakani kwa kaka zake, waliojificha wasichukuliwe upagazi. Mchana akiulizwa, alitazama chini.

Nilimuuliza Bibi kama yule mama alitaja jina lake. Akasema alilitaja. Mama Mdogo aliendelea kuchana nywele, nikaelewa kwamba lilikuwa la kwake, nami sikuuliza tena.

Bibi alikufa kwa uzee, tukamzika kulekule mlimani. Mama Mdogo alipopata mjukuu wake wa kwanza, msichana, alimpa jina ambalo halikuwahi kuwapo katika ukoo wetu. Mama yangu alimpokea mtoto, akamwita kwa jina hilo, akampakata. Hakuna aliyeuliza limetoka wapi.